Bomba Halisikii Baridi

Mvua haikupiga hodi. Barabara ya maduka ya simu ilikuwa imefurika watu wa mchana, na mara moja wote walikuwa wamerundikana chini ya kibaraza cha duka la miwani: wauza chaja, wanafunzi, mabwana wenye tai, na mama mmoja aliyekumbatia televisheni yake iliyotoka kutengenezwa. Ukingoni kabisa, mgongo umeshalowa, alisimama kijana mrefu kupita kiasi. Shati lake lilikuwa jipya, la mikono mirefu, ila kwake mikono hiyo iliishia mbali na viganja. Kichwani alikuwa amejifunika kitabu kinene chenye jalada jekundu.

"Wewe kaka! Wewe mrefu!" ilisikika sauti ya mwanamke kutoka katikati ya msongamano. "Hicho ulichojifunika ni nini?"

"Kitabu, dada."

"Kitabu nakiona. Si kamusi ya Kijapani hiyo?"

"Ndiyo."

"Na unaifanya mwavuli?"

Kabla hajajibu, mkono mwembamba ulikuwa umeshapenya katikati ya watu na kumnyang'anya. Mwenye mkono alivaa gauni la zambarau iliyokolea na raba nyeupe, miwani ikining'inia shingoni kwa kamba. Alianza kuifuta kamusi kwa mtandio wake, ukurasa kwa ukurasa, huku maji yakimchuruzika kijana usoni.

"Sasa mimi nilowe?" kijana aliuliza.

"Wewe utakauka. Hii haikauki, inavimba."

"Nikiumwa je?"

"Utameza dawa. Kamusi haina dawa."

Kibaraza kizima kikacheka. Muuza chaja mmoja akasema, "Kaka, hapo umeshikwa," na kijana akacheka pia, maana hakuwa mtu wa kununa. Ila alikuwa anamtazama yule dada alivyoinusa karatasi kujua kama maji yameingia ndani. Akahisi kitu kimemdondokea moyoni, kizito, bila kelele.

"Unasoma Kijapani?" alimuuliza.

"Nasoma makosa ya wanaoandika Kijapani. Ndiyo kazi yangu."

"Basi huenda ukasoma yangu. Nimeitwa kwenye usaili jengo lile pale, ghorofa ya tatu. Wanatafuta mfasiri wa mashine za baridi."

Kicheko kilimpotea yule dada usoni. Alifunga kamusi, akamrudishia kwa mikono miwili.

"Najua," alisema. "Kiti chenyewe kinatazamana na changu."

Akatoka akaingia mvuani bila kujifunika, na wala hakukimbia.

Ofisi ile ilikuwa chumba kimoja kirefu chenye meza zilizotazamana, na mashine ya kahawa iliyokohoa kuliko ilivyotoa kahawa. Kazi yao ilikuwa kutafsiri vitabu vya maelekezo ya mitambo kutoka Kiingereza kwenda Kijapani. Mteja wao mkubwa alitengeneza mashine za baridi: majokofu ya hospitali, vyumba vya kuhifadhia maua, mabohari ya nyama. Mfasiri aliandika, mhariri akasahihisha, kisha kazi ikapelekwa kwa msomaji wa mwisho, bibi mmoja Mjapani wa upande wa mteja, ambaye hakuna aliyewahi kumwona na wote walimwogopa.

Majina halisi yalibaki kwenye mikataba. Mhariri aliitwa Nukta, kwa sababu hakuwahi kuiacha sentensi iondoke bila nukta yake. Kijana alipewa jina la Mrefu hata kabla hajaketi. Na aliyemtangulia aliitwa Fundi, maana hapakuwa na sentensi iliyomshinda. Fundi alikuwa mume wa Nukta. Alifariki mwaka uliotangulia, Jumapili moja mchana, moyo ukasimama bila kuugua hata siku moja. Kiti chake hakuna aliyekuwa amekikalia tangu hapo.

Koti lake lilikuwa limeshaondolewa, na kikombe chake pia. Maneno yake hayakuondoka. Programu waliyoitumia ilihifadhi kila sentensi iliyowahi kutafsiriwa, na ilipokuja nyingine ya kufanana nayo, ile ya zamani ilijitokeza pembeni kwa rangi ya kijani pamoja na jina la aliyeiandika. Mrefu alipofungua ukurasa wake wa kwanza, hajaandika hata herufi, kijani kikawaka: Fundi. Akashuka chini. Fundi. Akageuza ukurasa. Fundi tena. Ilikuwa kana kwamba kuna mtu amesimama nyuma ya kiti anamwambia, mimi hapa nilishapita. Mara mbili siku hiyo Mrefu aligeuka kuangalia.

Sasa, ukitaka ukweli, kazi nzima ya mashine za baridi ni neno moja la Kiingereza: cold. Mwingereza analo hilo na anaona linamtosha. Chumba ni cold, maji ni cold, mafua nayo ni cold. Mjapani hakubali uvivu huo. Hewa inayokuzunguka mpaka ukajikunyata, hiyo ni samui. Kitu unachokigusa, maji, chuma, glasi, hicho ni tsumetai. Mafua ni kaze, yana mlango wao wenyewe. Hata sisi ambao baridi yetu ni moja tunaelewa: mtu husikia baridi, bomba halisikii.

Mrefu alifika kwenye sentensi ya onyo: mabomba ni ya baridi, usiyaguse bila glavu. Akaandika tsumetai bila hata kufikiri. Pembeni, kijani kilisema samui. Fundi. Mrefu akakunja uso, akaacha lake. Jioni kazi ikarudi kutoka meza ya pili, na tsumetai imegeuzwa kuwa samui.

"Nukta."

"Naam."

"Bomba unaligusa kwa mkono. Ni tsumetai."

"Kwenye kumbukumbu ni samui."

"Nimeona. Lakini bomba..."

"Mrefu, wewe ni mgeni. Kaa kwanza kiti kipate joto."

Alicheka, akidhani ni utani. Nukta hakucheka. Alikuwa ameshainamia karatasi nyingine.

Lakini mapenzi hayasubiri watu wakubaliane. Lilianza la kahawa: Mrefu aligundua mashine ile hupona ukiipiga kofi ubavuni, akawa anampigia Nukta kofi hilo kila asubuhi. Likaja la mwavuli: alinunua mmoja wa rangi ya chungwa, mkubwa wa kufunika watu wanne, na kila mawingu yakijikusanya husimama nao mlangoni. "Usije ukaloa," husema, "unavimba." Kisha zikaja simu za jioni, na hapo ndipo mambo yalipoharibika kabisa.

"Umelala?"

"Ningekuwa nimelala ningepokea?"

"Wapo wanaopokea usingizini."

"Sema unachotaka, Mrefu."

"Nataka neno la Kijapani la mtu anayewatesa wenzake kwa ajili ya koma."

"Mhariri."

"Na la mtu anayempenda huyo mhariri?"

 Mrefu akasikia sauti ya mwanamke mzee kwa mbali, ikiuliza, "Nani huyo anayekuchekesha?"

"Mtu wa kazini, Mama."

"Mwambie aendelee."

Huyo alikuwa mama mkwe wake, mzazi wa Fundi. Nukta hakurudi kwao baada ya msiba, na mama mkwe hakumwambia arudi, wakabaki wawili katika nyumba ile ile, kila mmoja akimlinda mwenzake kimyakimya.

Haikupita muda Nukta alikuja kazini na gauni la njano lenye mkanda mpana. Ofisi nzima ikaacha kuandika. Bosi mwenyewe, mama mnene mwenye sauti ya upole hata anapomfukuza mtu, alichungulia mlangoni akasema, "Jamani, leo jua limepanda lifti." Jumamosi walitembea pamoja mpaka miguu ikauma, wakibishana kuhusu mabango ya barabarani, na jioni moja kwenye ngazi za jengo lao Nukta alimshika Mrefu kwenye kiwiko, akamvuta ainame, akambusu.

"Kipenzi," Mrefu alisema alipopata pumzi.

"Usiniite hivyo ofisini."

"Nikuiteje ofisini?"

"Niite nikiwa nimekosea koma."

"Basi sitakuita milele."

Akacheka, kile kicheko cha kibarazani. Ila cold ilipojitokeza kwenye skrini, kicheko kilikatika. Mrefu angeandika tsumetai, naye angeibadilisha iwe samui, bila maelezo, macho yake yakiwa mbali. Mrefu akawa na yakini: mwanamke huyu anashikilia neno la mumewe. Hapo wivu ukamwingia, na wivu ukimwingia mtu hata kama ana digrii huwa mtoto. Utashindana vipi na mtu asiyezeeka, asiyenuka jasho, asiyepiga simu wakati mbaya? Kijani kilipowaka alikuwa anakisemesha kwa sauti ya chini. "Umekosea, bwana," alikiambia. "Hapa umekosea." Na kila alipolikuta kosa hilo, ndani yake alikuwa anafurahi.

Kisha barua ya msomaji wa mwisho ikafika. Bosi aliisoma mbele ya wote kwa ile sauti yake laini.

"'Katika kitabu chenu, mabomba yanasikia baridi. Maji yanasikia baridi. Milango ya chuma nayo inasikia baridi. Tunaomba mtushauri, tuvishonee sweta?'"

Aliikunja barua.

"Kitabu kirudi kimesafishwa ifikapo Ijumaa," Bosi aliendelea. "Kisiporudi, mteja anaondoka. Na jina lililo juu ya kitabu ni la Mrefu. Samahani sana, mwanangu, mteja akiondoka utaondoka naye."

Mrefu alimtazama Nukta. Alimsubiri aseme neno moja tu. Nukta alikuwa anafuta miwani, akaifuta, akaendelea kuifuta, na mkutano ukaisha.

Alimfuata mpaka kwenye korido.

"Mbona umenyamaza?"

"Ulitaka niseme nini?"

"Useme kweli! Kwamba nimekuandikia tsumetai kila siku ukanibadilishia!"

"Mrefu, niache kwanza."

"Unamlinda."

"Namlinda nani?"

"Unamjua. Marehemu wako alikosea, Nukta. Alikosea tu kama watu wengine! Hakujua hata kuchagua neno la baridi, na wewe uko radhi mimi nifukuzwe kuliko watu wajue."

Nukta aligeuka taratibu.

"Rudia."

 Mrefu alishayasikia maneno yake mwenyewe na yalikuwa yananuka.

"Umesema hakujua," Nukta alisema. "Sawa."

Alichukua mkoba akashuka ngazi. Kompyuta yake aliiacha inawaka.

Mrefu alirudi kwenye kiti, hasira na aibu zikimpokezana. Alitaka ushahidi, angalau awe mwenye haki kama hawezi kuwa mwema. Kile kijani huonyesha jina la aliyeiandika sentensi mara ya kwanza tu. Ukitaka kujua nani aliigusa baadaye, lazima ufungue historia yake, jambo ambalo mfasiri mwenye haraka halifanyi. Akafungua ya sentensi ya mabomba.

Fundi: tsumetai. Chini yake, badiliko. Nukta: samui.

Akafungua ya maji. Fundi: tsumetai. Nukta: samui. Ya milango. Ya trei za hospitali. Ya meza za chuma. Marehemu hakuwa amekosea hata mara moja. Alikuwa amechagua sawasawa kila mahali, hewa kwa samui na vitu kwa tsumetai, na mabadiliko yote yalifanywa baada yake. Ya mwanzo yalifanywa wiki ile ile aliyozikwa.

 Kijani kilikuwa bado kimewaka pembeni, na safari hii Mrefu alikiinamishia kichwa.

Alipiga simu. Haikupokelewa. Akapiga tena, akaandika ujumbe, akaufuta, akaandika mwingine: "Nimekosea mimi. Si yeye." Haukujibiwa. Siku ya pili Nukta hakuja kazini, na mchana Mrefu aliomba ruhusa akaenda nyumbani kwake.

Aliyefungua mlango alikuwa mama mkwe, mfupi, mwenye macho makali.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Wewe ndiye unayemchekesha kwenye simu?"

"Ndiyo, Mama."

"Jana hakucheka. Umemfanya nini?"

Mrefu angeweza kudanganya, lakini hakuwa na nguvu hizo. "Nimemsema vibaya marehemu. Nilisema alikosea kazi. Kumbe hakukosea."

Mama mkwe alimkazia macho.

"Mwanangu alikuwa anakosea mengi," alisema mwishowe. "Kazi hapana. Ingia. Inama, mlango huu haukukutarajia."

Mrefu aliinama, na hata hivyo aligonga paji la uso.

"Sikiliza," mama mkwe alimnong'oneza, akimshika mkono wa shati. "Mwanangu mimi nilimzika, nikatupa udongo, nikalia nikamaliza. Huyu mle ndani hajamzika bado. Mimi nimeshindwa kumsaidia, maana mimi na yeye tunalilia mtu mmoja. Nenda ukakae naye."

Sebuleni palikuwa na kochi refu la kijani, safi, mito yake imepangwa. Nukta hakuwa amelikalia. Alikaa sakafuni kando yake, amevaa dera la nyumbani, nywele hazijachanwa. Mrefu alitaka kukaa kwenye kochi.

"Si hapo," Nukta alisema.

Akakaa sakafuni, magoti yakamfika karibu na masikio. Wakati mwingine wangecheka.

"Nimefungua historia," alisema.

"Nilijua utafungua. Ungekuwa mfasiri gani usipofungua?"

"Aliandika sawa."

"Kila mara."

"Basi kwa nini, Nukta?"

 Nukta aliushika ukingo wa kochi, vidole vikipapasa kitambaa.

"Alilala hapa," alisema. "Jumapili, baada ya chakula. Mama alikwenda kwa ndugu zake. Dirisha lilikuwa wazi na mvua ilikuwa inaanza. Nikaja na kazi yangu, nikamgusa mkono, nikaona wa baridi. Nikamwambia, 'Wewe, unasikia baridi, umelala dirisha wazi.' Nikafunga dirisha. Nikamfunika shuka. Nikakaa hapo, miguuni pake, nikaanza kumsomea sentensi kwa sauti, kwa sababu ndivyo tulivyofanya kila Jumapili. Namsomea, yeye anabisha. Hata akiwa nusu usingizini alibisha. Siku hiyo nikasoma ukurasa mzima hakubisha. Nikasoma wa pili." Alipapasa tena kitambaa. "Nikafurahi, Mrefu. Nikajisemea, leo mume wangu kanikubali. Nimekaa hivyo mpaka Mama akarudi. Yeye alimtazama mara moja tu, kutoka pale mlangoni, akapiga yowe."

Mrefu alilitazama kochi.

"Wewe una kamusi," Nukta alisema. "Nichagulie. Nilipomgusa, alikuwa nini? Kama ni samui, basi alikuwa hai, anasikia baridi, na mimi nikakaa nasoma kuhusu majokofu badala ya kuita daktari. Nimemuua. Kama ni tsumetai, alikuwa ameshaondoka, na nilikuwa nasoma peke yangu chumbani na kitu. Haya, chagua."

"Siwezi."

"Hata mimi siwezi. Nikiliona tsumetai lake, kidole kinakwenda chenyewe. Naweka samui. Afadhali niwe na hatia, ili mradi alikuwepo."

Mrefu alilia. Hakujificha wala hakufuta. Baadaye akasema kitu ambacho hakukipanga. "Nilifurahi nilipodhani amekosea."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu hana makosa. Nitashindana naye vipi?"

Nukta alimtazama kwa mara ya kwanza tangu aingie. "Alikuwa anakoroma," alisema. "Na soksi zake alizitupa popote. Na nyimbo aliimba maneno yasiyo yenyewe, ukimsahihisha ananuna siku nzima."

Kicheko kilimtoka bila kutarajia, akajiziba mdomo kana kwamba ametukana, na hapo ndipo na yeye alipolia.

"Kesho nitamwambia Bosi makosa ni yangu," Mrefu alisema. "Kazi ziko nyingi mjini."

"Usinibebee."

"Sikubebei. Nakupenda."

"Basi kama unanipenda usinibebee. Njoo tu ukae karibu."

Ijumaa Nukta alifika mapema, amevaa sketi nyeusi na blauzi nyeupe iliyonyooka. Alikwenda moja kwa moja kwa Bosi. "Makosa ni yangu," alisema, "tangu msiba." Bosi akasema, "Mbona hukuniambia, mwanangu?" kisha akamwacha akafanye kazi.

Programu ingeweza kubadilisha samui zote kwa amri moja. Lakini zingegeuka na zile za vyumba na hewa, ambazo zilikuwa sahihi, na kitabu kingeharibika upya. Ilibidi zichaguliwe moja moja. Mrefu alivuta kiti akakaa kando yake, viganja akavikalia ili visije vikasaidia.

"Hewa ya bohari," Nukta alisoma.

"Samui," Mrefu alisema.

"Inabaki. Chumba cha maua."

"Samui."

"Inabaki. Mabomba..."

Aliishia hapo. Kidole kilikuwa juu ya kibodi na hakikushuka. Pembeni kijani kilikuwa kimewaka. Watu wa meza nyingine walijifanya hawaoni, mashine ya kahawa ikakohoa, simu ya mtu ikaita ikakatika. Mrefu alikuwa na neno mdomoni, akaliuma.

"Mtu akisikia baridi usingizini," Nukta alisema taratibu, akiiambia skrini, "unamwamsha. Unamwambia, ondoka hapo, nenda kalale kitandani. Sivyo?"

"Ndivyo."

"Mimi sikumwamsha. Nilimfunika, lakini sikumwamsha. Mkono wangu ulijua, Mrefu. Ulijua papo hapo. Mimi ndiye niliyekataa kuusikia."

Akaandika: tsumetai.

Hakulia. Alivuta pumzi akaenda kwenye sentensi ya maji, akaandika. Ya milango, akaandika. Alifanya kazi mpaka mchana ukapita, na kila mahali aliporekebisha, neno lilirudi lilivyokuwa siku Fundi alipoliacha.

Jibu la msomaji wa mwisho lilikuja Jumatatu. "Mabomba yamevua sweta," aliandika. "Asante." Bosi alilibandika kwenye mashine ya kahawa, na Mrefu akabaki na kiti chake.

Posa ilifanyika kwenye zile ngazi, bila pete, kwa sababu Mrefu alikuwa amepanga kungoja hadi mwisho wa mwezi, akashindwa.

"Nioe," alisema, akachanganyikiwa. "Yaani, nikuoe. Uniruhusu."

"Sentensi imekuvunjikia."

"Irekebishe."

Nukta aliichezea kamba ya miwani. "Nina sharti."

"Litaje."

"Ukilala mchana, nikikugusa, ujibu."

Mrefu aliacha kutabasamu. "Hata nikiwa usingizini?"

"Hata ukiwa usingizini. Jifunze. Sijali unasema nini, hata unitukane. Lakini usikae kimya."

"Nitajibu."

"Na usiku pia."

"Na usiku, laazizi. Nitajibu."

Walioana bila makelele. Mama mkwe alihamia nao, akisema hawezi kumwacha mkwe wake mikononi mwa mtu asiyejua kupita mlangoni, na kochi la kijani alihama nalo, akakataa katakata liuzwe. Ilichukua muda kabla ya yeyote kulikalia. Aliyeanza ni Mrefu, Jumapili moja baada ya chakula, usingizi ulipomzidi heshima. Miguu yake ilizidi kochi ikaning'inia hewani. Nukta alikuja na karatasi zake, akasimama, akanyoosha mkono akamgusa kwenye kifundo cha mkono.

"Nipo," Mrefu alisema, macho yamefumba.

"Nimekuuliza?"

"Hapana. Lakini nipo."

Akakaa miguuni pake akaanza kumsomea, naye akawa anabisha. Ikawa ndiyo Jumapili yao. Nukta akigusa, Mrefu anajibu, mara kwa upole, mara kwa kunung'unika, mara nyingine katikati ya ndoto ambayo hata haikumbuki. Mkono ule mwanzoni ulikuja mara nyingi mno. Kisha ukaanza kusahau, na hiyo ilikuwa furaha kubwa kuliko harusi.

Jumapili moja Nukta na mama mkwe walitoka kwenda kumwona mgonjwa. Mrefu alibaki peke yake, akajinyoosha kwenye kochi, akasinzia huku mawingu yakijikusanya. Akiwa kati ya usingizi na macho alihisi vidole kwenye kifundo cha mkono, vyepesi, pale pale vinaposhika kila siku.

"Nipo," alisema.

Vidole havikuondoka. Vilibaki pale kama vya mtu ambaye jibu hilo halimtoshi. Na wakati huohuo, chini kabisa kwenye ngazi, akasikia mlango wa jengo ukifunguliwa, na sauti ya Nukta ikimcheka mama mkwe kwa jambo fulani, ikipanda taratibu.

Mrefu hakufungua macho. Wala hakuuvuta mkono wake.

"Anakuja," alisema kwa sauti ya chini. "Hajambo, kaka Fundi. Anacheka. Msikilize."

Wakasikiliza wote wawili mpaka ufunguo ulipogusa kitasa. Hapo mkono ukamwachia.